Mshike Dume kwa Mkono Kabla ya Kutoa Fedha



Leo nataka tuzungumze habari za kondoo wa nyama, hasa kondoo wazito ambao wenye buchari kubwa na wenye hoteli huwatafuta. Najua wengi wenu mna ng'ombe wa maziwa na shamba la viazi, na kondoo mnawahesabu kuwa akiba ya kando, ya kuuzwa siku mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Si vibaya kuwa na akiba. Lakini mtu anayeuza kondoo siku ya shida huuza kwa bei ya shida. Maneno haya ni kwa yule anayetaka kuuza siku aliyoichagua mwenyewe, na kwa uzito anaoujua mwenyewe.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Nilisomea ualimu, na mpaka leo mkono wangu umezoea chaki kuliko bomba la dawa ya kupe. Kwa hiyo, kabla sijakufundisha lolote, yafaa nikueleze kosa nililolifanya mimi.

DUME MWENYE SHINGO NENE

Mama yangu ana shamba katika skimu moja huku Nyandarua. Mwaka 2017 alikuwa na kondoo majike 27, wazuri, wenye maziwa. Dume wetu alikuwa amezeeka, nami nikatumwa kununua mwingine. Nikaenda kwa mtu mmoja aliyekuwa akiuza. Akanitolea dume mwenye uso mweusi, shingo nene, na mgongo mpana kama meza. Nilimtazama mbele, nikamtazama nyuma, nikatoa fedha. Sikumgusa hata kidogo. Nilijiona mtu anayejua kondoo, maana vitabu vya kondoo nilikuwa nimevisoma ofisini.

Tukamwingiza kundini. Miezi mitano ikapita, tukangoja. Katika majike 27, walizaa watano tu. Na wana-kondoo wote watano walikuwa wekundu. Dume wetu alikuwa mweupe mwenye uso mweusi. Dume mwekundu alikuwa wa jirani, naye alikuwa ameruka ua usiku mmoja. Yaani, yule dume niliyemlipia fedha nyingi hakuzaa hata mmoja.

Afisa wa Mifugo alipokuja alimkalisha kitako, akamshika kende. Moja lilikuwa dogo na gumu kama jiwe. La pili lilikuwa laini mno kama tunda lililooza. Kazi hiyo ilichukua dakika mbili. Ningeifanya siku ya kununua, ningerudi nyumbani na fedha zangu mfukoni.

Wana-kondoo wa mwaka ule ndio tuliowategemea kwa karo ya dada yangu mdogo. Alikaa nyumbani muhula mzima. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ulinunua shingo, hukununua kondoo." Neno lile silisahau, na ndilo linalonifanya niandike leo.

KWA NINI UZITO?

Huenda ukauliza, "Kondoo ni kondoo. Kwa nini nihangaike kwa kilo chache?" Hebu tufanye hesabu kama tulivyofanya shuleni.

Mwana-kondoo akichinjwa, nyama pamoja na mifupa yake huwa karibu nusu ya uzito aliokuwa nao akiwa hai. Kwa kawaida ni kilo 45 mpaka 50 kwa kila kilo 100. Basi mwana-kondoo wa kilo 40 hutoa mzoga wa kilo 18 mpaka 20. Yule wa kilo 22 hutoa kilo 10 au 11 tu. Lakini gari la kumpeleka sokoni ni lile lile, mchinjaji hufanya kazi ile ile, na dawa na chanjo ulizompa zilikuwa karibu sawa. Ndiyo sababu mnunuzi mkubwa hupenda kondoo wachache wazito kuliko wengi wepesi.

Sasa tuseme una madume wawili. Wana wa dume wa kwanza huongezeka gramu 180 kila siku, na wana wa dume wa pili gramu 240. Wote walizaliwa wakiwa na kilo 4. Baada ya siku 120, wa kwanza wana kilo 25 na nusu hivi. Wa pili wana karibu kilo 33. Tofauti ni kilo 7 kwa kila mwana-kondoo. Ukiwa na wana-kondoo 30, umepata zaidi ya kilo 200 za kondoo hai kutoka katika majike wale wale na nyasi zile zile.

Hapo ndipo utaona umuhimu wa dume. Jike mmoja akiwa mbaya, atakuharibia mwana mmoja au wawili kwa mwaka. Dume akiwa mbaya, atakuharibia wote. Lakini usidanganyike: nusu ya damu ya mwana hutoka kwa mama, na mwana wa dume bora aliyenyimwa malisho atakonda kama wengine. Dume huleta mbegu; kuikuza ni kazi yako.

DUME WA AINA GANI?

Mwaka 1962 Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza kugawa mashamba ya Wazungu, nyanda hizi za juu, Kinangop, Ol Kalou na Molo, zilikwisha kuwa nchi ya kondoo wa sufu. Mpaka leo wengi wetu tuna majike wenye damu ya Corriedale na Merino. Kwa majike hao, mkulima anayetaka wana wazito wa nyama humtumia dume wa Hampshire Down, yule wa Uingereza mwenye uso mweusi. Ana mwili mkubwa, mapaja manene, na wana wake hukua upesi mahali penye baridi na nyasi nyingi.

Dume wa pili anayejulikana ni Dorper. Huyu alitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930, kwa kumchanganya Dorset Horn wa Uingereza na kondoo wa kichwa cheusi ambaye asili yake ni huku kwetu upande wa Somalia. Aliingia Kenya katika miaka ya 1950. Hana sufu nyingi ya kukatwa, huvumilia joto na ukavu, na wana wake hunenepa mapema. Hapo pana jambo la kuangalia: kwa sababu hunenepa mapema, ukimweka mpaka awe mzito sana huanza kujaza mafuta badala ya nyama.

Wa tatu ni kondoo mwekundu wa Kimasai. Watu wengi wamemdharau kwa udogo wake, wakampanda Dorper mara kwa mara mpaka damu yake ikakaribia kwisha. Ni kosa. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwalinganisha Dorper na mwekundu wa Kimasai huko Diani, Pwani, mahali penye unyevu na minyoo mingi. Mwekundu alimshinda Dorper kwa mbali, maana minyoo inayonyonya damu haimwangushi upesi, na wana wake wengi huishi. Kwenye nchi kavu tofauti hiyo ilikuwa ndogo. Basi, kama shamba lako liko bondeni penye umajimaji, usikimbilie kufuta damu ya mwekundu. Majike wekundu wakipandwa na dume wa Dorper huzaa wana wenye nguvu ya mama na mwili wa baba.

Nakuonya jambo moja. Usimpeleke dume mkubwa mno kwa majike wadogo wanaozaa mara ya kwanza. Mwana hukwama, na unaweza kumpoteza yeye na mama yake. Jike mchanga mpe dume wa mwili wa kadiri.

JINSI YA KUMKAGUA DUME

Nenda mchana, usiende jioni. Mwombe mwenye dume amwachie atembee, kisha umkalishe kitako umshike. Fuata utaratibu huu, usiruke hata kimoja.

Kwanza, meno. Fungua mdomo. Meno ya chini yakutane sawasawa na ufizi mgumu wa juu. Yakipita mbele au yakirudi nyuma, mwache, maana hawezi kukata nyasi fupi, na wana wake watarithi. Meno pia yatakuambia umri. Dume mwenye meno mawili makubwa ana mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Mwenye manne ana miaka miwili hivi. Mwenye manane amefika miaka minne.

Pili, macho. Yawe mang'avu, na kope zisiwe zimegeukia ndani. Vuta chini kope ya chini uone rangi ya ndani. Ikiwa nyekundu, vema. Ikiwa nyeupe kama karatasi, damu imenyonywa na minyoo.

Tatu, miguu. Dume hufanya kazi kwa miguu ya nyuma. Asimame wima, vifundo visilale chini, na kwato zisiwe na harufu ya kuoza. Mkiona kiwete, hata akiwa mzuri namna gani, msimchukue; ugonjwa wa kwato utaingia katika kundi zima.

Nne, kende. Usione haya. Yashike yote mawili. Yawe makubwa, yawe sawa, yawe magumu kiasi kama msuli wa mkono uliokunjwa, wala pasiwe na uvimbe au kovu. Chukua utepe wa fundi cherehani, upime mzunguko wa mfuko mahali palipo panene. Dume wa mwaka mmoja wa aina kubwa yafaa afikishe sentimita 30 au zaidi. Mwenye kende moja tu si dume wa kununua.

Tano, mgongo na mapaja. Bonyeza kiuno kwa vidole. Kiwe kirefu na kipana, kimejaa nyama pande zote mbili za uti. Nyama ya bei iko kiunoni na pajani. Shingo nene haiongezi kitu katika mizani ya buchari.

Sita, uliza habari zake. Alizaliwa pacha? Alikuwa na uzito gani alipoachishwa ziwa? Mama yake alizaa kila mwaka? Mwenye dume asiyeweza kukujibu swali lolote huenda ni mwuzaji tu, si mfugaji. Ukiwalinganisha madume wawili, hakikisha walizaliwa msimu mmoja na wamelishwa sawa. Aliyekuwa pacha huwa mwepesi kidogo, lakini hilo lisikuzuie, kwa maana uzao wa mapacha ni baraka kwa mwenye malisho.

Akifika nyumbani, usimchanganye na kundi siku hiyo. Mtenge wiki tatu au nne, mwogeshe kwa dawa ya kupe, umnyweshe dawa ya minyoo, na umwangalie. Kama utamshirikisha na majirani, kama wengi wanavyofanya katika skimu, Daktari wa Mifugo ampime kwanza. Yako magonjwa ya uzazi ambayo dume huyabeba kutoka boma moja hadi jingine pasipo kuonekana mgonjwa.

SIKU ZA KUPANDISHA

Mbegu za dume huchukua karibu wiki saba kutengenezwa. Kwa hiyo homa aliyoipata mwezi uliopita inaweza kumfanya awe mgumba leo. Mkague na umtengeneze miezi miwili kabla: mpe malisho mazuri, kivuli, na chumvi ya kulamba ya kondoo. Nimesema ya kondoo. Chumvi na chakula cha nguruwe huwa na shaba nyekundu nyingi, na shaba hiyo hukusanyika katika ini la kondoo mpaka imwue.

Majike nao wapeleke kwenye malisho mazuri zaidi wiki mbili au tatu kabla ya dume kuingia. Jike anayeongezeka mwili siku hizo hushika mimba upesi, na mara nyingi huzaa pacha.

Dume mzima wa miaka miwili au zaidi anatosha majike 30 mpaka 40. Dume mchanga mpe 20 tu. Jike hurudia joto kila baada ya siku 17 hivi. Changanya udongo mwekundu na mafuta ya kupikia, umpake dume kidarini. Kila jike aliyepandwa atakuwa na alama nyekundu mgongoni. Andika siku. Baada ya siku 17 badilisha rangi. Masizi na mafuta yatafaa. Ukiona majike wengi waliokuwa na alama ya kwanza wamepata na ya pili, dume ana kasoro, nawe umejua mapema badala ya kungoja miezi mitano kama mimi.

Mimba ya kondoo ni siku 147 hivi. Mwenye kutaka kuuza kondoo wazito mwezi wa Desemba, amwingize dume mwanzoni mwa Novemba ya mwaka uliotangulia. Wana wataanza kuzaliwa mwishoni mwa Machi, mvua ndefu zinapoanza na nyasi zinapochipuka, nao watakuwa na miezi minane Desemba ikifika. Mwenye kulenga Idi ya kuchinja akumbuke kwamba siku hiyo husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mnunuzi wa Kiislamu humtaka kondoo aliyetimiza umri, asiyekonda, asiye mgonjwa, kiwete wala chongo. Tena wengi hawampendi aliyekatwa sikio. Basi tumia kibandiko chenye namba au rangi, usikate masikio kwa kisu.

KUZAA NA SIKU TATU ZA KWANZA

Mtoto tumboni hukua zaidi katika wiki sita za mwisho. Hapo ndipo jike huhitaji chakula cha nyongeza: hei nzuri ya oti, lusini, au mashina ya viazi vitamu, na pumba kidogo. Jike mwenye pacha akikosa chakula siku hizo, huanza kujitenga, hutazama bila kuona, kisha huanguka. Wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa ndio wakati wa kumchanja juu ya pepopunda na magonjwa ya ghafula ya matumbo, ili kinga ipite katika maziwa.

Mwana akizaliwa, mfute pua apumue, kisha umwachie mama amlambe. Tumbukiza kitovu katika dawa ya iodini. Halafu lililo kubwa kuliko yote: anyonye maziwa ya kwanza, yaani dang'a, kabla saa sita hazijapita, na kadiri awezavyo mapema. Mwana-kondoo huzaliwa hana kinga yoyote ya magonjwa. Kinga yote imo katika maziwa hayo mazito ya manjano, na baada ya siku moja utumbo wake hauwezi tena kuipokea. Kamua matone machache ya kwanza ili kuzibua chuchu. Kama mama amekufa, kamua jike mwingine aliyezaa siku hiyo.

Huku kwetu baridi ya usiku huua kuliko fisi. Shika mdomo wa mwana kwa ndani kwa kidole. Ukiwa baridi, mlete jikoni, mkaushe kwa gunia, mpashe moto, ndipo umnyweshe. Mama na wana wake wakae peke yao katika kizizi kidogo siku mbili au tatu, wajuane.

Mikia ya kondoo wa sufu hufungwa mpira katika wiki ya kwanza, baada ya siku ya kwanza kupita. Acha kipande cha kutosha kufunika uke wa jike. Wenye mkia wa mafuta waache walivyo. Na kuhasi? Kama utauza kabla ya miezi sita, usihasi. Dume mchanga hukua upesi kuliko aliyehasiwa, na nyama yake haina mafuta mengi. Lakini watenge na majike wakifika miezi minne, wasije wakapanda mama na dada zao.

KUMKUZA MPAKA AWE MZITO

Maziwa ya mama hupanda mpaka wiki ya tatu au ya nne, kisha huanza kushuka, na njaa ya mwana huzidi kupanda. Mkulima asiyejua hilo hushangaa kuona wana waliokuwa wazuri wamesimama. Dawa yake ni kizizi cha wana peke yao. Zungushia ua pembeni mwa malisho, uache nafasi ya upana wa sentimita 20 hivi: mwana apite, mama asipite. Ndani weka pumba za ngano, mahindi yaliyovunjwavunjwa, na lusini kavu. Anza wana wakiwa na wiki mbili. Mwanzoni watachezea tu. Baada ya muda watakula.

Nafaka iongezwe polepole kwa wiki mbili. Mwana-kondoo mwenye afya kuliko wote akivamia ndoo ya mahindi, asubuhi utamkuta amekufa, na utadhani ni uchawi. Si uchawi. Ni ugonjwa wa matumbo wa wana wanaokula sana, na chanjo yake ipo.

Waachishe ziwa kwa miezi mitatu au minne, wakiwa na uzito wa kilo 15 hadi 20 au zaidi. Waondoe mama, waache wana mahali walipopazoea. Kisha wapewe malisho safi kuliko yote uliyo nayo, ambayo kondoo hawakulisha hivi karibuni: palipovunwa oti, au palipolishwa ng'ombe. Minyoo ya kondoo haimpendi ng'ombe, naye akila huwasafishia wana malisho.

Minyoo ndiyo adui wa kwanza wa uzito. Wakati wa mvua kagua kope kila wiki mbili. Mwenye kope nyekundu mwache. Mwenye kope nyeupe au uvimbe chini ya taya mpe dawa. Ukiwapa wote kila mwezi, minyoo itazoea dawa, na siku moja dawa yako itakuwa maji. Pima uzito kwanza. Dawa ya kubahatisha huwa pungufu. Penye madimbwi pana minyoo ya maini, na si kila dawa inayoiua, basi uliza. Uliza pia habari za chanjo ya sotoka ya kondoo na mbuzi, ya ndui, na ya ulimi buluu. Lakini majike wenye mimba changa usiwachanje bila shauri la Daktari wa Mifugo.

DAFTARI NA MIZANI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shule na mizani ya kuning'iniza. Mfunge mwana katika gunia, mpime kila mwezi, uandike: namba yake, namba ya mama, siku ya kuzaliwa, uzito. Mtoto wa darasa la tano anaweza kazi hiyo, na atajifunza hesabu.

Daftari litakuokoa na kosa ninaloliona mara nyingi ofisini. Mnunuzi anapokuja huchagua mwana aliyekua upesi kuliko wote, naye mkulima humwuza kwa furaha. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Aliyebaki boma ni yule dhaifu asiyetakiwa na mtu, naye ndiye anayekuwa dume. Baada ya miaka sita mkulima analalamika, "Kondoo wa siku hizi wamekuwa wadogo." Hawakuwa wadogo wenyewe, aliwauza wakubwa. Basi majike watatu au wanne waliokua upesi kila mwaka, waliozaliwa na mama wazuri, watie alama uwaweke, hata mnunuzi akipandisha bei. Na dume asipande binti zake. Kila miaka miwili badilishana na mtu wa mbali, au mwuze mnunue mwingine.

SIKU YA SOKO

Kabla ya kuuza, muulize mnunuzi anataka mzoga wa kilo ngapi. Wako wanaotaka mzito, wako wanaotaka mwepesi usio na mafuta. Nyama ya mbuzi na kondoo ya Kenya husafirishwa ikiwa imepozwa mpaka nchi za Ghuba, na kila mnunuzi ana kipimo chake. Shika mgongo wa kondoo: ukihisi mifupa mikali, bado; ukiihisi kwa kubonyeza kidogo, yuko tayari; usipoihisi kabisa, umechelewa, na chakula chako kimegeuka mafuta.

Pima nyumbani kabla mnunuzi hajafika. Anayejua kilo hadanganywi kwa macho. Usiuze kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa hazijaisha. Chukua cheti cha kuhamisha mifugo. Usimvute kondoo kwa sufu, maana kila mshiko huacha damu katika nyama, na mwenye buchari huikata akaitupa. Na kama una kondoo wanane tu, ungana na majirani mjaze gari moja. Lori halimjali mwenye wachache.

Sasa nimalizie habari za kwetu. Dume yule mwenye shingo nene tuliuza kwa nyama. Mama alisema safari hii atakwenda mwenyewe. Alikwenda na utepe wake wa kushonea. Aliwashika madume sita, akawaacha watano. Yule wa sita hakuwa mzuri wa sura. Sikio moja lilikuwa limelegea, na mwenyewe alishangaa kwamba tumemchagua. Msimu ule majike 24 walizaa wana 31, na dada yangu alirudi shule.

Basi, ndugu mkulima, ukienda kununua, nenda na mikono miwili mitupu na utepe mmoja. Usitoe fedha mpaka umemshika.